Chombo Kikipinduka Nawe U Peke Yako

Baada ya kumhimidi Allah (SWT), aliyetutiishia bahari tupate humo riziki na njia, na kumsalia Mtume wetu Muhammad (SAW) pamoja na ahli zake na sahaba zake, juma hili nitatoka kidogo katika yale tuliyoyazoea katika safu hii. Maswali ya mirathi na talaka yatangojea, inshallah. Nitazungumza juu ya bahari, kwa sababu ya swali nililoulizwa na mama mmoja, na ambalo siku ile sikuweza kulijibu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, darsa ya wanawake imekwisha na wenziwe wamekwenda zao. Yeye alibaki nyuma, akinyosha na kukunja pindo la buibui lake. Kisha akasema, "Maalim, nataka uniandikie kombe la mwanangu. Au uniambie kuwa jambo analolifanya ni haramu, nipate kumkataza."

Nikamuuliza mwanawe anafanya nini. Akaniambia kuwa kijana wake ana miaka 19, na amenunua kayaki kuukuu ya plastiki, ile mitumbwi myembamba ya rangi wanayoipanda watalii. Kila akimaliza kusali alfajiri huitia majini, akatoka peke yake kwenye mlango wa mwamba, akavua nguru na kolekole kwa mshipi, na kabla ya adhuhuri amekwisha rudi. Samaki hao ndio unga wa nyumbani, na ndio karo ya dada yake. Kwa hivyo si mchezo.

"Babake naye alikuwa mvuvi," akasema. "Kusi ile ilipokuwa kali, ngalawa yake ilirudi. Ilionekana ufuoni siku ya pili, nzima, na mirengu yake. Yeye hakurudi."

Neno hilo lilinikaa. Ngalawa ilirudi, mwenyewe hakurudi.

Swali la haramu lilikuwa jepesi. Kutafuta riziki baharini ni halali, na Qur'ani imezitaja mara nyingi neema za vyombo vinavyokwenda juu ya maji na vitoweo vitokavyo humo. Sina haki ya kuharamisha alichokihalalisha Mola. Lakini jambo kuwa halali si ruhusa ya kulifanya vyovyote na wakati wowote. Imamu Bukhari, katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad, amepokea hadithi inayowataja watu wawili kwa pamoja: anayelala juu ya dari isiyo na ukingo akaanguka, na anayepanda bahari ilhali imechafuka akaangamia. Wote wawili wametolewa katika dhima ya ulinzi, kwani walijitoa wenyewe.

Kuhusu kombe, nilimwambia kuwa nitamwombea mwanawe, na yeye amwombee zaidi, kwa sababu dua ya mzazi kwa mwanawe ni miongoni mwa dua zisizorudi patupu. Kisha nikamkumbusha kisa wanachokijua hata watoto wa chuoni, alichokipokea Tirmidhi, cha yule bwana aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na atawakali. Aliagizwa amfunge kwanza. Yule mama akanitazama, akaniuliza, "Na huyu wangu, ngamia wake hufungwaje, maalim?"

Hapo nilinyamaza. Mimi ni mtu wa vitabu. Nilimwomba anipe majuma mawili.

Nilichofunzwa na wajuzi

Nilikwenda kwa nahodha mmoja mzee, jirani yetu, kisha kwa kijana mwingine anayewafundisha wageni kupanda kayaki katika mto wa bahari ulio karibu nasi. Wote wawili, kila mmoja kwa maneno yake, waliniambia jambo moja: mtu akipinduka peke yake, mara nyingi kinachomwua ni kuachana na chombo chake. Mbao huelea, na plastiki yenye hewa ndani huelea. Mwanadamu huelea kwa muda, kisha huchoka.

Kayaki yenyewe si kitu cha kwetu kwa asili. Ilibuniwa na watu wa nchi za barafu, Wainuiti wa Greenland na jirani zao, waliokuwa wakiunda kiunzi cha mbao zilizoletwa na maji na kukivika ngozi ya sili. Kwao maji ni baridi kiasi ambacho mtu akitumbukia hana muda wa kuogelea. Kwa hivyo wakabuni namna ya kujiinua: mwindaji hupinduka pamoja na kayaki yake, yeye akiwa amekaa ndani vilevile, na kwa pigo moja la kafi na mzunguko wa kiuno akaibuka upande wa pili. Waliwafundisha watoto wao mapema, kwa kuwa kuwinda peke yako bila ujuzi huo ilikuwa ni kujitafutia mauti.

Hata hivyo ujuzi nao una mpaka. Kijana wa Kiingereza, Gino Watkins, alijifunza kwa Wagreenland hao kujiinua na kuwinda kama wao. Mwezi wa Agosti 1932, akiwa na umri wa miaka 25, alitoka peke yake kwenda kuwinda huko huko Greenland. Kayaki yake ilipatikana ikielea tupu. Mwili wake haukuonekana. Nilipokisoma kisa hicho, nilimkumbuka yule mama na ngalawa yake.

Basi nitayaeleza hapa niliyofunzwa, nikianza na kayaki ya wazi ya plastiki, ambayo mtu huikalia juu, kwani ndiyo iliyoenea sana katika fuo zetu.

Jambo la kwanza ni kushika. Ukitumbukia, mkono mmoja uende kwenye chombo kabla ya kufikiri lolote jingine, kisha ulitafute kafi. Upepo mdogo tu waweza kuisukuma kayaki tupu kwa kasi kuliko mwogeleaji hodari. Anayekiacha chombo ili akimbilie kofia au samaki wake huenda asikipate tena. Na asiiendee nchi kavu kwa kuogelea, hata akiiona iko karibu, maana machoni mwa aliye majini nchi kavu husogea. Isitoshe, kayaki ya manjano au nyekundu huonekana kutoka mbali, bali kichwa cha mtu baharini ni kama kifuu cha nazi.

La pili ni kupumua. Akisha kushika, atulie kwa pumzi kumi. Hapa Muislamu ana hazina yake. Nabii Yunus (AS) alikuwa katika giza la bahari na giza la tumbo la samaki, na akawa na uradi wake, nasi tumeurithi. Autaje polepole. Ulimi ukitulia, moyo hutulia, na mikono hupata akili.

La tatu ni kuigeuza kayaki. Akae upande unakotoka upepo, wimbi lisije likambamiza kwa chombo. Anyooshe mikono juu ya tumbo la kayaki iliyopinduka, aushike ukingo wa upande wa mbali au kamba iliyofungwa hapo, aweke magoti kwenye ukingo wa karibu, kisha ajitupe nyuma kwa uzito wake wote. Itageuka.

La nne ndilo gumu, nalo ni kupanda. Wengi hujaribu kujivuta juu wima, kama mtu anayepanda ukuta. Chombo huwalalia, huanguka tena, na baada ya mara tatu mikono imekwisha. Mwendo sahihi ni kulala kifudifudi juu ya maji kwanza. Mtu apige miguu kwa nguvu mpaka mwili wote uelee sawasawa na uso wa bahari, ndipo ajisukume mbele ili kifua kipite juu ya kayaki, kama anayeparamia mkeka unaoelea. Kisha kuna hatua tatu, na yule mwalimu huwakaririsha wanafunzi wake: tumbo, kitako, miguu. Tumbo lilale katikati ya chombo. Ajigeuze taratibu mpaka kitako kikae mahali pake. Miguu iingie mwisho. Kila wakati kichwa kiwe chini. Anayeharakisha kuinua kichwa atazame nchi kavu huanguka upya.

Kayaki ya tundu, na mtumbwi wa kwetu

Ziko pia kayaki zilizofunikwa juu, zenye tundu la kukalia, ambazo hutumiwa na wasafiri wa masafa marefu. Hizo zikipinduka hujaa maji, na kuzipanda ni kazi zaidi. Njia moja ni boya la kafi. Ni mfuko mdogo wa hewa unaovishwa kwenye upande mmoja wa kafi. Kafi hulazwa kukingama nyuma ya tundu, na ule upande wenye boya hutokeza nje juu ya maji. Nilipoonyeshwa nilicheka, maana kitu chenyewe nakijua tangu utotoni: ni mrengu wa ngalawa. Wazee wetu waliufunga moja kwa moja, na wasafiri hawa huufunga wakati wa haja. Aliye majini huweka mguu mmoja juu ya mti wa kafi, akalala kifudifudi kwenye mgongo wa kayaki akielekea tezi, akaingiza miguu tunduni mmoja mmoja, kisha akajigeuza kwa upande wa boya, akitunza uzito wake uwe upande huo. Akisha kukaa, hukumba maji kwa kopo au kwa bomba la mkono mpaka chombo kiwe chepesi tena.

Njia nyingine haihitaji chombo chochote ila wepesi wa mwili. Mtu hupandia tezini, akakitanda chombo kwa miguu miwili kama mpanda punda wa Lamu, akajiburura mbele akiwa amelala chini, miguu ikining'inia majini kila upande kumpa mizani. Akilifikia tundu, hutia kitako kwanza na miguu baadaye. Njia hii hufaa maji yakiwa matulivu, na wimbi likiwa kubwa boya la kafi ni bora zaidi.

Kwa wazito na wenye mikono dhaifu kuna kitanzi cha kamba. Hufungwa kwenye kayaki au kwenye kafi, kikashuka majini kiasi cha goti, na mtu akakikanyaga kama anayekanyaga kidaraja cha ngazi. Mguu una nguvu kuliko mkono, na njia hii imewafaa wengi walioshindwa na nyingine zote.

Ama hori na mtumbwi wetu wa gogo, ukijaa maji hauzami kabisa, kwa kuwa ni mti. Mvuvi mjuzi huushika ubavuni akausukasuka kwa kishindo kulia na kushoto mpaka maji yarukie nje, ukingo ukaanza kuinuka juu ya bahari. Kisha hupandia mbele au nyuma, kamwe si ubavuni, akakumba yaliyobaki. Hayo yote yanawezekana ikiwa kopo la kukumbia limefungwa kwa kamba. Kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuondoka.

Na hapa tunarudi kwa ngamia. Iko kamba maalumu inayofunga kafi na kayaki, na iko nyingine inayomfunga mtu na kayaki yake, ili upepo usiwatenganishe. Ni jambo jema katika kilindi, lakini kwa sharti mbili: iwe ya kufunguka kwa mvuto mmoja wa mkono, na ifunguliwe mtu anapopita kwenye mawimbi yanayovunjika mwambani. Huko chombo hugeuka rungu, na aliyefungwa nacho hupigwa nacho.

Tulipokwenda majini

Baada ya majuma mawili tulikwenda mtoni, mimi, yule mwalimu, na kijana mwenyewe. Kijana alikuja akitabasamu. Aliogelea tangu kabla hajaijua alifu na be, naye aliona tunampotezea asubuhi yake. Mwalimu akampeleka mahali pasipofika mguu, akamwambia, "Haya, anguka, urudi juu."

Aliangukia vizuri. Kurudi ndiko kulikomshinda. Mara ya kwanza alijivuta wima, kayaki ikamlalia. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alilifikisha tumbo juu, akainua kichwa kututazama, akaenda upande wa pili kichwa mbele. Tabasamu likaisha. Akaniambia akihema, "Maalim, mimi siku zote hupanda nikiwa nimesimama mchangani."

Hilo ndilo neno ninalotaka kila mzazi alisikie. Kuogelea ni elimu moja, na kurudi chomboni ni elimu nyingine. Kijana hodari wa kuogelea, aliyekwenda zaidi ya mwamba kila siku kwa mwaka mzima, hakuwahi hata mara moja kujaribu kupanda chombo chake mahali ambapo hakuna ardhi chini ya nyayo. Angeijaribu mara ya kwanza siku ya haja, peke yake, katika wimbi la kusi.

Mara ya nne alifaulu. Kisha mwalimu akamtaka afanye hivyo akiwa na zana zake za uvuvi, na hapo tukagundua jingine: ndoana zake zilikuwa wazi, zimetundikwa nyuma ya kiti. Laiti zingalikuwa zimefungwa mishipi siku hiyo, zingalimnasa paja. Sasa huziweka katika ndoo yenye kifuniko, na kisu kidogo cha kukatia mshipi kimefungwa kwenye jaketi lake.

Nami nilijaribu, kwa miaka yangu hamsini na kitu na kitambi kilicholelewa na pilau za maulidi. Sitaeleza yote. Itoshe kusema kuwa kile kitanzi cha kamba ndicho kilichonirudisha juu, na kwamba vijana wawili wana jambo la kucheka mpaka Ramadhani.

Subira, mwezi na upepo

Mama mwingine aliniuliza, je, akishindwa kupanda kabisa? Jibu ni kuwa akae na chombo. Daktari mmoja Mjerumani, Hannes Lindemann, aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake mara mbili: kwanza kwa mtumbwi wa gogo uliotoka Liberia, kisha mwaka 1956 kwa kayaki ya turubai ya kukunjwa, safari ya siku 72 kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibiani. Katika safari hiyo ya pili dhoruba ilimpindua usiku. Hakuweza kuigeuza kayaki katika giza na mawimbi yale, akailalia juu ya tumbo lake kwa saa nyingi mpaka kulipopambazuka, ndipo akaigeuza na kuendelea. Miezi kabla ya kusafiri alikuwa amejizoeza kukariri moyoni maneno machache ya kujithibitisha, mpaka yakawa yanamjia yenyewe wakati wa dhiki. Kwetu sisi hilo si geni, kwani ndiyo kazi ya uradi. Lakini uradi humjia wakati wa dhiki yule aliyeuzoea wakati wa raha.

Maji yetu ni ya uvuguvugu, lakini yasimhadae mtu. Maji huuondoa joto mwili haraka mno kuliko hewa, na baada ya saa nyingi hata katika bahari hii mtu hutetemeka, vidole vikakataa kushika. Kwa hivyo aparamie juu ya chombo kadiri awezavyo, hata kama ni kulala tu juu ya tumbo lake. Na jaketi la kuokoa maisha liwe mwilini, limefungwa vifungo vyote. Lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu, huokoa kiti.

Kuhusu wakati, sisi Waislamu tuna saa yetu mbinguni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja mbili baadaye huwa ni bamvua, na hapa Kenya tofauti ya maji kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4. Maji yote hayo yakitoka hupita katika milango ya mwamba, na mkondo wake humchukua mtu nje. Anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua pia mlango utakuwaje. Aliyepinduka mlangoni asishindane na mkondo ana kwa ana. Akishike chombo, apande, kisha apige kafi kwa kuukata ubavuni mpaka umwachilie. Na ule upepo wa asubuhi utokao bara, ambao kwetu huitwa umande, humfanya mtu aone bahari ni kioo karibu na ufuo, kumbe unamsukuma nje.

Wajibu wa walio nyumbani

Mtume (SAW) aliwatahadharisha watu na safari ya mtu pekee usiku. Kwa hivyo neno la kwanza kwa vijana wetu ni kuwa wawili ni bora kuliko mmoja, na mchana ni bora kuliko usiku. Lakini najua riziki haingoji mwenzi kila siku. Basi akitoka peke yake, nyumbani aulizwe: Unapita mlango upi, na utarudi saa ngapi? Jaketi umelivaa? Kafi na kopo umevifunga? Simu iko katika mfuko usiopitisha maji, na kipenga kiko shingoni? Mwezi leo ni wa ngapi? Maswali haya si kero. Ni ukingo wa dari.

Na saa aliyoiahidi ikipita, tusingoje maghribi kwa kuona haya. Piga simu 999 au 112, na wakati huo huo wajulishe wavuvi wa BMU ya ufuo wenu na wenye mashua. Waambie rangi ya chombo, mlango alioutokea, saa aliyotoka, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Walinzi wa Pwani wapo tangu 2018, lakini mara nyingi jicho la kwanza kumwona aliyepotea ni la mvuvi mwenzake.

Neno moja kwa mabinti na mama zao. Wapo wanaodhani elimu hii ni ya wanaume. Lakini wanawake wetu huingia mwambani kutafuta pweza, na huko Kibuyuni, Kwale, hulima mwani katika maji. Pale Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Sitara na uhai havigombani. Palipo na mwalimu mwanamke na mahali pa faragha, binti naye afundishwe kuelea, kupumua na kupanda chombo.

Jumamosi iliyofuata yule mama aliteremka ufuoni na shela yake, akakaa kwenye kivuli cha mkungu. Mwanawe alijipindua makusudi mara kumi, pasipofika mguu, na mara kumi akarudi juu. Mama alikuwa akihesabu kwa vidole kama anayeleta tasbihi. Alipomaliza, alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Laiti babake angalifundishwa hivi."

Nilitaka kumkumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kuwa neno la "lau" baada ya jambo kupita humfungulia shetani mlango. Sikuharakisha. Mimi mwenyewe dakika chache nyuma nilikuwa nimelitamka kuhusu ndoana. Nikamwambia tu kuwa aliyekufa kwa kughariki, tunamtarajia kwa Mola wake daraja ya mashahidi, kama Mtume (SAW) alivyotufundisha, na kwamba ajali yake haikumkosea saa. Kilichopita ni cha Allah. Huyu aliyeko majini bado yu mikononi mwetu, na ametutegemea.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwita mwanawe, "Njoo unywe chai. Halafu urudi ufanye kumi nyingine, na upepo huu."

Tunamuomba Allah (SWT) awahifadhi wanaosafiri katika nchi kavu na baharini, awarehemu waliotangulia kwa maji, na atujaalie kuwa miongoni mwa wafungao ngamia wao ndipo wakatawakali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.